Joto Chini ya Sakafu

Jumatatu, 7 Julai

Kabla ya kuvaa nimeweka kiganja sakafuni. Baridi kama jana. Nyumba hii ya mbao imeinuliwa juu ya msingi wa mawe. Chini kuna uwazi wa mtu kutambaa, na upepo unapanda kwenye nyufa. Dada yangu Rodah alijifungua kabla miezi haijatimia. Mtoto ana wiki tatu. Muuguzi alisema asipate baridi kabisa. Ofisini nimepanga faili vibaya mara mbili.

Jumatano, 9 Julai

Fundi Shikuku amekuja. Amepigilia waya wa kuku chini ya boriti, atajaza magunia ya makapi ya miwa hapo katikati. Magunia yametoka kwenye mtambo wa sukari nguru. Alitaka kuyaanika siku nne kwanza. Nilikataa.

"Karani, haya ni ya jana. Bado yana sukari."

"Mtoto hawezi kungoja, Mzee."

"Haya, bosi. Lakini yale matundu manne ya msingi usiguse. Nyumba kama hii inapumuanga kwa chini."

Alhamisi, 10 Julai

Magunia yameshawekwa, lakini upepo bado unaingia kwa matundu. Nilipotoka kazini niliyaziba yote, udongo na matambara. Sikumwambia mtu.

Jumamosi, 12 Julai

Sakafu ina joto. Joto la mahali mtu alipokuwa ameketi, kisha akainuka. Liko katikati ya chumba cha Rodah tu. Amehamishia godoro la mtoto hapo. Amenishukuru sana. Nimefurahi. Nimeogopa pia.

Jumapili, 13 Julai

Baada ya kanisa nililaza sikio kwenye mbao. Kuna sauti. Kama mtu anayenong'ona mdomo umejaa maji. Na harufu chachu, kama ya pombe.

Mama Ayuma, jirani yetu, alikuja kumwona mtoto. "Ni nani anapika busaa huku? Na nyinyi watu wa kwaya!" Alicheka mpaka akafika katikati ya chumba. Akavua kiatu, akakanyaga kwa unyayo mtupu. Akaenda zake, chai haijaisha.

Jumatatu, 14 Julai

Kichwa kinauma. Ofisini kinapoa, nikirudi kinaanza. Rodah anasinzia akiwa ameketi.

Mtoto halii. Jana tulimsifu kwa utulivu wake. Leo tumempangusa uso kwa maji. Akafungua macho, akatazama kitu nyuma yangu, akafumba. Hataki kunyonya.

Najua nilichofanya. Nimekaa na kalamu badala ya kusema. Mwoga.

Siku hiyo hiyo, jioni

Nimesema yote kuhusu matundu. Nilikuwa nimeshika fremu ya mlango. Rodah alimnyanyua mtoto, akatoka naye uani, akamfunga kifuani. Bodaboda ikawapeleka hospitali. Mimi nikabaki kumngoja fundi.

Alipobomoa udongo wa tundu la kwanza, mvuke ulitoka. Mweupe, polepole, ukatambaa ukutani kama unaotafuta dirisha. Akarudi nyuma. Kisha akasubiri upungue, akaingiza mkono kwenye gunia la karibu, akautoa upesi.

"Yamechacha, Karani. Yanajipika yenyewe. Hiyo hewa yake mbaya yote ilikuwa inapanda kwa mtoto."

Tulivuta magunia yote nje. Kila moja lilikuwa la moto ndani. Mama Ayuma alitazama kwa mbali, mikono kichwani.

Jumanne, 15 Julai

Nimeomba ruhusa kazini. Daktari anasema tuliwahi, angojewe anyonye. Mpaka saa sita alikuwa hajanyonya. Nimekaa kwenye benchi la nje. Sikuweza kuomba, maneno hayakuja.

Alhamisi, 17 Julai

Wamerudi. Sakafu iko wazi, baridi, na matundu yote yamefunguliwa. Rodah amemweka mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, blanketi mbili juu. Bado haongei nami sana. Fundi ameanika makapi mengine juani. Hatayaweka mpaka yavunjike mkononi kama majani makavu. Sikumharakisha.

Mtoto amelia tangu saa nane. Analia kwa nguvu, uso mwekundu. Hakuna anayembembeleza. Tumekaa tu, mimi na Rodah, tunamsikiliza.