Baba Boke Akataa Ng'ombe

Jumapili, 1 Juni 2025

Boke kapiga simu baada ya ibada. Anakuja! Ile tamthilia yake ya kwenye TV wanataka kupiga picha za harusi ya Kikurya, na wamechagua hapa hapa Gorong'a. Yeye ndiye bibi harusi. Nimefurahi mpaka maharage yameungua. Halafu nikawaza – nitamwambiaje baba yake?

Miaka minne hajaongea naye. Tangu Boke aache chuo cha ualimu, akaenda Mwanza kuigiza jukwaani. Baba yake alisema alipeleka mwalimu chuoni, hakupeleka mchekeshaji. Basi, ikawa hivyo. Hata mimi hataki kuniita Mama Boke. Ananiita Mama Waitara, kwa jina la mdogo wake Boke. Mimi bado namwita Baba Boke. Asikie asisikie.

Jumatatu, 2 Juni

Nimemwambia akiwa anakunywa uji. Kauliza tu hao watu watalala wapi. Nikasema gesti, Tarime mjini. Akamaliza uji. Hajakubali – lakini hajakataa!

Jirani yangu Mokami kaja kuuliza kama Boke alipona. Alimwona kwenye TV mwezi wa tatu, mume kampiga, kaanguka kwenye ngazi. Nikamwambia we Mokami, yale ni maigizo! Akasema mmh, mbona machozi yalikuwa ya kweli. Sikumwambia kwamba hata mimi nilipiga simu kuuliza mguu. Boke alicheka sana.

Mwanzo walimpa kuwa dada wa kazi. Neno moja tu, "Karibuni", na sinia la chai. Nililisubiri hilo neno wiki nzima. Sasa ndiye mwenyewe, wengine wanamletea yeye chai.

Jumatano, 4 Juni

Amefika. Kakonda. Amesema sijakonda mama, ni kamera inataka hivyo.

Alimfuata baba yake zizini. Akapiga goti, shikamoo tata, yaani baba. Baba Boke kaitika marahaba – kumwambia ng'ombe! Uso hakugeuza. Boke karudi jikoni akamenya ndizi bila kuangalia mtu. Nilitamani wale wa TV waje wapige hilo.

Mkubwa wao ni binti mmoja mdogo tu, Lilian, wanamwita dairekta. Ana adabu. Kaomba ng'ombe tisa za mahari, za kuigizia. Baba Boke akakubali. Nimeshangaa. Kasema lakini atakuja mwenyewe kulinda ng'ombe zake, asije mtu akazikimbiza.

Ijumaa, 6 Juni

Mungu wangu, leo! Niandike yote nisisahau.

Harusi ilipigwa kwa Mokami. Boke kakaa ndani na mashangazi, kapakwa mafuta, kapendeza. Baba wa bibi harusi ni mwigizaji wa Dar, anaitwa Salvatori, mpole, koti zuri. Ng'ombe zikaingia. Salvatori katabasamu, kanyoosha mikono, kasema tumepokea, asanteni sana wakwe.

Hivyo tu! Hakusimama. Hakuhesabu. Hakushika hata mkia!

Wazee waliokodiwa kukaa pale wakaangaliana. Mimi nikaangalia chini. Halafu nikasikia sauti nyuma ya kamera – Baba Boke.

"Wewe kijana, mura! Unapokea nini? Umeangalia?"

Kapita katikati ya mitambo na fimbo yake. Nikajua yamekwisha, anamharibia mtoto kazi. Kaenda moja kwa moja kwa wale waigizaji wa upande wa bwana harusi. Kasema ng'ombe huyu jicho lina ukungu. Huyu mzee, ana meno huyu? Na mitamba iko wapi? Mnaniletea madume matupu, kwani nimewaita mje kuchinja?

Ng'ombe zake mwenyewe! Anazikataa ng'ombe zake mwenyewe! Mokami alijiziba mdomo na kanga.

Mwigizaji mmoja, Msukuma, anaitwa Mboje, akajibu kama mkwe kweli. Mzee punguza ukali, binti mwenyewe ni mwembamba.

Lo! Baba Boke akapiga fimbo chini. Kasema mwembamba? Huyo amejitafutia nchi nzima bila mkono wa mtu. Mwanza wanamjua. Dar wanamjua. Mimi nimemwona akilia kwenye TV, watu wazima wakalia. Leteni wengine wawili wenye maziwa au rudini kwenu!

Amemwona? Wapi? Nyumbani akija Boke kwenye TV anatoka nje. Waitara kaninong'oneza: huwa anaenda kuangalia dukani, kule senta ya kijiji. Kila wiki. Alinikataza nisikuambie.

Lilian hakusimamisha kamera. Ndani Boke alikuwa analia, na mashangazi hawakujua kama ndiyo maigizo au la.

Jioni Baba Boke kala ugali wote. Kanyoosha bakuli. Mama Boke, niongeze mboga.

Nimemwongeza. Nimeenda nyuma ya jiko nimesimama kidogo.

Jumamosi, 7 Juni

Nimekuja na daftari, naandika hapa hapa kwa Mokami, nimekaa kwenye ndoo.

Lilian anataka Baba Boke ndiye awe baba. Salvatori amekubali kuwa mjomba, anacheka tu, kasema mzee amemfundisha kazi. Imebaki sehemu moja: baba kumuaga binti. Jana alimsifia kwa wakwe. Boke mwenyewe bado hajamwambia neno, hata asubuhi.

Boke ametoka. Amesimama mbele yake, kichwa chini. Viatu vya baba yake vimepakwa rangi, sijui saa ngapi.

Wamempa Baba Boke karatasi ya maneno ya kusema. Ameishika mbali na macho, ameisoma pole pole. Amemrudishia Lilian. Anasema haya si yangu.

Lilian anamwambia sawa baba, sema ya kwako, kamera iko tayari.

Baba Boke anasema zimeni kwanza hiyo mashine.

Watu wanaangaliana. Lilian amemwangalia Boke. Boke ameitikia kwa kichwa, ndiyo.

Wamezima. Anakohoa, anamwita kwa jina, Boke – nafunga daftari, haya ni ya kwao wawili.