Kila Mtu Ananichagulia Shahada

Jumatatu, 3 Machi 1980
Lori la sabuni halijaja tena. Limekwama kwenye matope Kibuta, wanasema. Tangu asubuhi nimesimama kwenye kaunta ya duka la kijiji nikiwaambia kina mama neno lile lile: hakuna. Mmoja amenisonya kana kwamba hiyo sabuni nimeila mimi.
Mchana mwalimu mkuu akaja dukani mbiombio. Chuo kikuu wamenikubali! Mpaka hapo nilifurahi. Natakiwa nichague, uchumi au ile shahada mpya ya biashara. Kabla sijafungua mdomo akaigeukia foleni na kutangaza: "Binti yetu anakwenda kusoma uchumi!" Vigelegele. Sabuni hakuna, vigelegele vipo.
Nani amemwambia ni uchumi?

Alhamisi, 6 Machi
Nataka biashara. Naandika hapa kwa sababu sina wa kumwambia. Nataka kujua bidhaa inatokaje kiwandani mpaka inifikie kwenye kaunta. Kwa nini ghala limejaa majembe yasiyo na mipini na sabuni hatuioni? Uchumi wanasoma wale wanaokuja kutuhutubia. Hotuba tunazo.
Mama nimemdokezea. "Kamwambie baba yako mwenyewe," akasema, akaendelea kupepeta mchele.
Naogopa.

Jumapili, 9 Machi
Dada na mumewe, shemeji Rajabu, wamekuja kutoka Kibaha. Shemeji anafanya kazi ofisini huko. Kaunda suti, kalamu mbili mfukoni. Alikula kuku wetu karibu peke yake, kisha akanieleza maisha yangu. Uchumi wanachukua wachache, wenye vichwa. Ukimaliza, wizarani moja kwa moja. Biashara ni ya waliokosa pa kwenda. "Shemeji, unataka kupima sukari mpaka uzeeke?"
Wakacheka wote. Dada naye akacheka. Dada! Yeye aliyelia wiki nzima alipoachishwa shule aolewe na huyu.
Nimeosha vyombo kwa hasira mpaka kikombe kimekatika mkono.

Jumanne, 11 Machi
Nimemwambia baba.
Zamani baba alikuwa na duka. Dogo tu, la mafuta ya taa, chumvi, sindano na nyuzi. Maduka ya watu yalipofungwa ili libaki la kijiji, walimsimamisha mkutanoni. Vijana wakaimba kupe, kupe. Nilikuwa likizo kutoka sekondari, nimesimama palepale.  Tangu siku ile baba analima mihogo, na habari za duka hataki kuzisikia.
Leo alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mimi nilitukanwa. Wewe unataka kwenda kulisomea tusi?"
Nikamjibu. Sijawahi kumjibu baba maishani mwangu. "Baba, hukuiba. Mbona unaona haya kama mwizi?"
Mama akaniambia nitoke nje. Nikatoka.
Nimemkasirikia kuliko wote. Wale vijana waliimba walichofundishwa. Yeye amekiamini.

Ijumaa, 14 Machi
Baba hasemi na mimi. Wakati wa chakula anamwambia mama, "Mwambie huyo asogeze maji." Huyo!
Wiki ijayo naitwa mbele ya kamati ya kijiji. Bila pendekezo lao, chuo sikioni. Katibu alipita dukani kunikumbusha. Kijiji kinahitaji mchumi, anasema. Nikamuuliza mchumi atatufanyia nini. Atarudi na utaalamu. Utaalamu wa nini?
"Wa uchumi."
Nikamuuzia kiberiti chake. Nimesikia hakikuwaka hata njiti moja. Nimefurahi, Mungu anisamehe.

Jumatano, 19 Machi
Kamati.
Katibu ndiye aliyeanza. "Ndugu Zuhura, tueleze. Biashara ni nini kama si unyonyaji?"
Nilikuwa nimejiandaa kujibu kwa adabu. Adabu ikanitoka. Nikasema hata duka la kijiji ni biashara, ila tunaliendesha bila kuijua, ndiyo maana wake zenu wanafulia majivu. Kelele. Mmoja akasema damu haifichiki, mtoto wa kupe ni kupe.
 Machozi yakaja, ya hasira, na nikachukia kwamba wameyaona. Nikawaambia kama si biashara, uchumi siendi. Nitabaki kwenye kaunta, na kila siku nitawaleta kwao wale kina mama, wawajibu wenyewe.
Watu walikuwa wamejaa dirishani wanasikiliza. Sikujua kuwa baba yumo. Aliingia bila kuitwa, na jembe begani.
"Aliyeitwa kupe ni mimi. Nimekuja. Niambieni mimi, mwanangu mwacheni."
 Hakuna aliyemwambia. Wote mle ndani waliwahi kuwa wateja wake.
Mwenyekiti akaomba mikono. Walionyoosha hawakuwa wengi, lakini walitosha. Katibu hakunyoosha. Nakwenda kusoma biashara.
Tulirudi nyumbani pamoja, baba mbele, mimi nyuma.  Ninamshukuru, na bado nina hasira. Kwa nini lazima baba asimame ndipo wanisikie?

Jumamosi, 5 Julai 1980
Niko bwenini. Wenzangu wa chumbani hawajafika.
Baba alinisindikiza mpaka Kisarawe mjini. Sanduku alilibeba yeye, akakataa nimpokee. Stendi tulikaa juu ya gogo tukisubiri basi. Nilidhani tutakaa kimya kama miezi yote hii. Akaanza kunisimulia, bila kuulizwa, siku ya kwanza alipofungua duka. Alikuwa hajaoa. Aliamka alfajiri akapanga vitu, akavipangua, akavipanga tena, na mpaka adhuhuri hakuingia mtu. Halafu akaja bibi mmoja kutaka sindano, na yeye kwa furaha akasahau bei.
Alicheka mpaka akajifuta macho kwa kanzu. Sijamwona baba akicheka hivyo tangu niko sekondari.
Nikamuuliza akafanyaje. Akasema subiri, nitakwambia yote, usinikatishe.
Basi likafika. Utingo akalipiga ubavuni akituita.
Tuliliacha lipite.