Kapiteni Kuhe alivyoniibia mama

Jumatatu, saa kumi za mchana. Mvua inanyesha tangu asubuhi, ziwa limekuwa rangi ya majivu, na njia ya kuja hapa saluni ni matope matupu. Hakuna atakayekuja kusuka leo. Nimekaa na hasira yangu kwenye kiti cha wateja, na kwa mara ya kwanza tangu nianze blogu hii nitaandika jina la muntu.

Kapiteni Kuhe.

Kama uko Kalemie na hujafika miaka ishirini, unamjua. Kama umepita arobaini, unamjua pia, na hicho njo kinachoniuma. Wanarap wote wa enzi zetu wamezimika. Mmoja ni mwalimu, mwingine anauza mawese, mwingine ni mchungaji na hataki hata kukumbushwa. Yeye ana miaka arobaini na sita, ana kitambi, nywele anazipaka rangi nyeusi, lakini binti yangu Esther anajua kila mstari wake.

Jina lake la nyumbani ni Floribert. Alijipa jina la kuhe, samaki mkubwa wa ziwa letu la Tanganyika. Mimi nikajiita Sumu. Tulikuwa wawili, Kuhe na Sumu, na nitasema bila aibu: maneno yaliyokaa vichwani mwa watu yalikuwa yangu. Yeye alikuwa na sauti. Alikuwa na macho ya kumtazama kila muntu kwenye umati kama vile amekuja kwa ajili yake peke yake.

Mama yangu alipokufa, niliandika ubeti. Wakati wa vita tulikimbilia Kigoma kwa boti, na yeye hakukubali kuacha mashini yake ya kushona. Aliibeba kichwani mpaka majini. Kwa mashini ile alitulisha ng'ambo miaka yote mpaka tuliporudi. Basi nikaandika:

*Mama alivuka ziwa, mashini ya kushona kichwani,*
*nyuma kaacha sufuria ikichemka jikoni.*

Floribert aliposikia alilia. Kweli alilia, simsingizii. Alisema huo njo wimbo utakaotutoa.

Ulimtoa yeye.

Nilikuwa na mimba ya Esther, ya mwanaume mwingine, si yake. Aliniambia rap na tumbo haviendi pamoja, nipumzike kwanza. Akaenda Lubumbashi, akarekodi peke yake, na wimbo ulipoanza kupigwa redioni, mtangazaji alimuuliza nani huyo mama. Akajibu: "Ni mama yangu mimi."

Mama yake alikuwa akiuza maandazi karibu na stesheni ya treni. Mama mwema sana, alinilisha mara nyingi. Lakini aliogopa maji. Hakuwahi kupanda boti maisha yake yote.

Miaka kumi na saba nimenyamaza. Nilikuwa na mtoto mgongoni, sina mume, na kanisani walikuwa wakinitazama vya kutosha. Nani angemuamini msichana aliyejiita Sumu? Nikajifunza kusuka. Nikawa Mama Esther.

Na katika miaka hiyo yote nimemwangalia Floribert jinsi anavyofanya asizeeke. Ninamchukia, lakini kipofu sijawa. Kila baada ya miaka michache anatafuta kijana mwenye sauti mpya, anampa refreni, kile kiitikio, aimbe, na mashabiki wa kijana yule wanakuwa mashabiki wake. Anajifunza michezo yao ya kwenye simu, anakosea makusudi ili wamcheke. Kwenye konseri anasimamisha muziki na kuwapa mikro wamalizie ubeti wenyewe. Mtoto akishashika mikro ya muntu, anampenda mpaka kufa.

Mwezi uliopita aliutoa tena wimbo ule, safari hii na Grâce, msichana wa miaka kumi na tisa kutoka Zongwe. Ubeti wangu anauimba yeye. Ana sauti ya kukwaruza kidogo, kama muntu aliyetoka kulia. Nilimkuta Esther jikoni, simu sikioni, machozi yanamtiririka.

"Mama, sikia," akaniambia. "Mama yake Kapiteni aliteseka kweli."

Mtoto wangu alikuwa akimlilia bibi yake mwenyewe, bila kujua.

Niligeuka nikaendelea kuosha ndagala, wale dagaa wetu. Lakini pale pale niliamua kwamba nitamuaibisha Floribert mbele ya watu wake.

Juzi Jumamosi mchana alikuwa na konseri kwenye uwanja wa mpira. Alipoita vijana wapande, nilipanga mstari nao. Mbele yangu msichana wa uniforme ya shule, nyuma yangu wavulana wawili waliokuwa wakinisukuma wakidhani nimepotea. Zamu yangu ilipofika, alinisaidia kupanda, bado hajanitambua.

"Na weye Mama, unajua kurap?" Uwanja mzima ukacheka.

Nikachukua mikro. Aliponitazama vizuri nikaona kicheko kinamtoka usoni kama rangi inavyotoka kwenye nguo mbaya.

Nilianza na ubeti wanaoujua, na wakauimba pamoja nami. Ulipoisha sikushuka. Nikaingia ubeti wa pili, ambao haujarekodiwa, ambao sikumuonyesha hata yeye:

*Jina lake Veronika, andikeni bila kufuta,*
*mtoto wake ni mimi; huyu, mama yake hakuvuka.*

Nilisikia mashine ya umeme ikinguruma nyuma ya jukwaa. Kwa muda wa pumzi mbili, Floribert aliogopa, na mimi niliuonja ule uoga wake. Ulikuwa mtamu. Mungu anisamehe, hakuna kitu kitamu nimeonja miaka hii yote kama ule uoga.

Halafu akapiga magoti.

Alipiga magoti mbele yangu, akashika mkono wangu na kupaza sauti: "Huyu njo Sumu! Huyu njo mwalimu wangu! Makofi kwa mama wa rap ya Kalemie!"

Uwanja ukalipuka. Vijana wakaruka, wakanipiga picha, wavulana wale wawili wakataka kunibeba. Yeye alikuwa analia. Machozi ya kweli, kama zamani.

Jana video ilikuwa kwenye kila simu, imeanzia pale alipopiga magoti; Esther aliniuliza, nikamwambia zamani niliimba naye tu. Unajua wanasema nini? Wanasema Kapiteni ana heshima. Wanasema Kapiteni hasahau watu wake. Nilimtupia jiwe, akalila, akanenepa.

Asubuhi hii, kabla mvua haijakaza, alikuja hapa na mwavuli. Grâce alikuwa nyuma yake.

"Sumu, tuingie studio," akasema hata kabla ya kuketi. "Vijana wanakutaka. Unaona wanavyokuita?"

"Utasema redioni kwamba yule mama ni wangu?"

"Lakini watu wote wamesikia juzi."

"Walisikia kwangu. Nataka wasikie kwa mdomo wako, kwamba ulisema uongo."

Akacheka kidogo, kile kicheko cha kumbembeleza mteja. "Mama Esther, vijana hawaulizi nani aliandika. Wanataka kusikia uchungu. Mimi ninawapa uchungu."

"Uchungu wa nani?"

Nikamfungulia mlango. Aliponyoosha mkono kuniaga, nilichukua ufagio nikaanza kufagia nywele za juzi pale pale miguuni pake, mpaka akatoka.

Grâce hakumfuata. Alibaki amesimama karibu na kioo, viatu vyake vimejaa matope.

"Mama, mwezi huu wote nilikuwa namuimba mama yako?"

"Ndiyo."

"Yeye aliniambia ni marehemu mama yake. Nilifunga na kuomba kabla ya kurekodi." Akanigeukia. "Nifundishe ule ubeti wa pili."

Hapo akili yangu ikafanya kazi upesi kuliko moyo. Nyumba hadi nyumba, kutoka hapa mpaka Kongolo, watoto wanamwendea Grâce. Floribert bila Grâce ni mzee mwenye kitambi na nywele za rangi. Grâce akiuimba ule ubeti kwenye jukwaa lake, kila mji, na kila mji watoto wakaushika, Floribert atampigia magoti nani? Hawezi kumfukuza. Amejifunga mwenyewe kwa kamba ileile anayopandia.

Lakini nikamtazama yule msichana, nikajiuliza kama na mimi simfanyi chombo, kama Floribert alivyonifanya. Nikaona bora niseme.

"Grâce, sikudanganyi. Ninakufundisha kwa sababu nataka kumuumiza."

"Najua, Mama."

"Atakukasirikia."

"Akasirike. Tangu mwanzo ananiita 'mutoto wangu' mbele ya watu, kwa jina langu hajaniita hata siku moja. Sasa, watu wakimuuliza nani aliyeuimba, atalazimika kulitaja." Akavua viatu, akaketi. "Tuanze."

Tulikaa masaa matatu. Anakimbia mno kwenye mstari wa kwanza, halafu pumzi inamwishia kwenye jina la mama. Nilimrudisha mara ishirini. Nilikuwa mkali kuliko nilivyopanga. Mara ya mwisho alilisema sawasawa, Veronika, polepole, kama anamuita muntu aliye ng'ambo ya barabara, na mimi ikabidi nigeukie ukuta.

Nilipogeuka tena, Esther alikuwa mlangoni na mkoba wa shule, amelowa mpaka kwenye soksi. Sijui alikuwa amesimama hapo muda gani.

"Mama," akasema, "Veronika si jina la bibi?"

Nikamwambia yote. Mashini, boti, studio, miaka kumi na saba. Alisikiliza mpaka mwisho, halafu akatoa simu yake, akafuta nyimbo zote za Kapiteni, mmoja baada ya mwingine, bila kuniomba ruhusa wala kunitazama. Akabakiza mmoja. Alisema huo ni wetu.

Sasa wote wawili wamekwenda nyumbani kupika, nasikia mvua inapungua. Ningependa kuandika kwamba moyo wangu umepoa. Haujapoa. Ijumaa Grâce anapanda jukwaani pamoja na Kapiteni, na mimi nitakuwa mstari wa mbele, si kwa ajili ya kumsikiliza Grâce, bali kutazama uso wa Floribert.

Sijamsamehe. Ninaliandika hapa ili Jumapili, tukiwa kanisani, nisije nikajidanganya.