Maumivu ya Bi Arlys ni Mbili

Roseau, Minnesota
9 Machi

Dada yangu mpendwa Corinne,

Pokea salamu zangu, nawe uzigawe humo ndani kabla hujakaa kusoma. Nataka kujua goti la Shemeji Vern linaendeleaje baada ya upasuaji, na kama joto la Tucson limeshaanza kuwafungia ndani. Huku theluji ingali usawa wa dirisha la jikoni, na watu wanaambiana kwamba majira yanakwenda vizuri.

Uliuliza kwa nini nimekawia kujibu. Sababu moja ni Bi Arlys Brekke, yule aliyetufundisha kinanda. Mwezi wa Oktoba aligonga kulungu kwa gari lake, akaumia bega la kulia. Daktari aliagiza masaji, na kwa kuwa ni ajali ya gari, bima ya gari lake mwenyewe ndiyo inayonilipa. Kila anapokuja namuuliza maumivu yake ni namba ngapi, kuanzia sifuri hadi kumi. Naandika jibu, napima mkono unapanda hadi wapi, namkanda, kisha Darrell, anayeniandalia ankara, anapeleka madai.

Tangu siku ya kwanza Bi Arlys alijibu mbili. Mkono haukufika sikioni, koti alivuliwa, na bado akasema mbili. Unawajua watu wetu. Baba alivunjika mbavu akatuambia amejikwaruza.

Januari bima ilikataa kuendelea. Hoja ya mkaguzi ilikuwa fupi na, kwa mantiki yake, haikuwa na dosari: maumivu ya mbili hayahitaji matibabu, na mbili isiyoshuka ni dalili kwamba matibabu hayasaidii. Daktari naye alikuwa ameonya kwamba bila kukandwa bega lile litaganda na mkono hautapanda tena. Pensheni ya Bi Arlys haiwezi kubeba gharama hiyo, na nilipojitolea kumkanda bure, aliniambia nisimfanye ombaomba.

Darrell alinicheka. We Janelle, alisema, andika saba, tupeleke upya, twende tukanywe kahawa. Kwani nani ataingia ndani ya bega la bibi wa watu akahakikishe? Nikamjibu kwamba namba ile si mali yangu. Akasema basi nimwombe mwenyewe aipandishe. Nilimwomba. Bi Arlys alinitazama kama mtu aliyeambiwa aibe sadaka, akasema kwamba saba ni ya mwenye kuzaa, nane ni ya anayekata roho, na yeye amekuja hapa akiendesha gari mwenyewe.

Nilitafakari siku kadhaa. Mkaguzi aliyeko Texas alikuwa ameisoma mbili ya Roseau kana kwamba ni mbili ya kwao, na kubishana naye juu ya namba kusingetufikisha popote. Kwa hiyo nilimuuliza Bi Arlys jambo jingine: ni kazi gani zake ambazo sasa zinafanywa na mtu mwingine? Alisema hakuna. Kisha, akiwa amelala kifudifudi, zikaanza kutoka moja moja. Lefse, zile chapati zetu za viazi za Krismasi, zilisukumwa na mkaza mwanawe, nene kama zulia, yeye akikaa pembeni kunyunyiza unga. Kanisani amekuwa akipiga nyimbo kwa mkono wa kushoto peke yake. Waumini wanaimba polepole kumngoja, na hakuna aliyethubutu kuuliza. Nywele alizozibana kisogoni tangu harusi yake amezikata, kwa sababu mkono haufiki.

Kwa idhini yake niliyaandika yote pamoja na vipimo vya mkono. Mbili niliiacha mbili. Rufaa ilisikilizwa kwa simu. Mkaguzi, Bi Delgado, alimuuliza kama ni kweli alikata nywele kwa ajili ya bega. Bi Arlys alijibu kwamba nywele huota. Hapo Bi Delgado akasema atayaidhinisha matibabu hadi Juni.

Ilipofika zamu yake iliyofuata, Bi Arlys aliniuliza yangu ni namba ngapi. Nikamjibu mbili. Akasema: mwanangu, tangu vuli hujanigusa kwa dole gumba, wanikanda kwa kiwiko kama mwenye ugomvi na unga. Hebu niambie, siku hizi nani anakufungulia chupa za mafuta?

Ni Darrell, kila asubuhi, kabla hajawasha kompyuta.

Dada, viungo vya vidole gumba vyangu vyote viwili vimesagika. Nimejua tangu Septemba, na kila Jumapili uliponiuliza kwenye simu nilikwambia si vibaya. Barua hii naichapa kwa sababu kalamu siiwezi. Sipokei wagonjwa wapya. Nitamaliza kumkanda Bi Arlys mwezi wa Juni, kisha nafunga kazi. Nilipomwambia Darrell, alitoka nje kukwangua theluji kwenye gari langu, gari ambalo halikuwa na theluji.

Kazi nyingine siijui, na nyumba hii sitaimudu. Naomba unijibu bila kunionea haya kama chumba chenu cha nyuma kina nafasi. Namba yangu ni saba.

Msalimie Shemeji Vern, umwambie asiliharakishe goti. Bi Arlys anakusalimu, na anauliza kama bado unapiga kinanda.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Janelle