Jetoni ya Kinyozi

Kaka Sava,

Nimeamua kukuandikia, maana nikisema nawe kwa sauti hapa saluni wateja watadhani nimerukwa na akili. Tangu tukuzike, viti viko palepale, ila redio sasa nachagua mimi. Najua ungenuna.

Wenzangu wanarithi ng'ombe. Mimi umeniachia wembe, ufundi wake, na boksi la jetoni zako. Mwanzoni nilikucheka kwa vile vipande vya shaba, ambavyo wenye maduka ya kambini walijitengenezea zamani, Waingereza walipopigana na Makaburu, wakawapa askari: hiki mkate, hiki chai, na nje ya duka lile hakinunui kitu. Nikakuuliza, Mrundi anatafuta nini humo? Ulijibu bila kuinua macho kwenye kichwa cha mteja: "Hata mimi nilikulia kambini, ya wakimbizi, mdogo wangu. Kadi yangu ya mahindi, nje ya uzio ilikuwa karatasi tu." Sikucheka tena.

Ulivyoitafuta jetoni ya kinyozi! Ulisema lazima iko, askari nao wanaota ndevu. Ukaondoka hujaiona, na hilo liliniuma sana pale kaburini. Nikaapa nitaitafuta mimi.

Basi mjinga wako nikapita kwa majirani hapa mtaani Umbilo nikiomba tokeni za zamani. Wakaniletea risiti za umeme! Nikakusikia kabisa: "Wewe! Sema jetoni. Tokeni iko ya umeme." Nikaacha maneno, nikawa naonyesha kipande chenyewe.

Gogo, tunavyomwita yule bibi Mzulu wa ghorofa ya chini, alikigeuzageuza, kisha akaleta kopo lake la vifungo. Kaka, ilikuwa humo. Imetobolewa matundu mawili, mtu aliishona kwenye koti kama kifungo. Imeandikwa: kunyolewa ndevu, mara moja. Nililia mbele ya Gogo bila aibu.

Nilitaka kumlipa, akakataa. Akaniuliza imeandikwa nini. Nilipomweleza alicheka, halafu akanifungulia mlango wa chumbani. Mumewe amepooza, hatoki kitandani, na ndevu zilikuwa zimemfika kifuani.

Nikapanda kuchukua wembe wako. Nikafanya ulivyonifundisha: taulo la moto kwanza, ngozi uivute kwa kidole gumba, shingoni usiharakishe. Mzee alijipapasa mashavu, akatabasamu, akalala. Gogo akaniwekea jetoni kiganjani kama mteja yeyote anayelipa.

Asante, Kaka. Ulinipa kiti wakati sina karatasi wala mtu katika mji huu. Leo mkono wangu unajua kazi, na kazi hiyo ni yako. Hilo sikuwahi kukuambia ukiwa hai, nakuambia sasa.

Pumzika kwa Bwana. Boksi lako sitaliuza, hata jetoni moja. Na kila Jumamosi nitashuka kumnyoa mzee. Najua imeandikwa mara moja.

Mdogo wako,
Désiré