Wazee Walikunywa Urithi

Kogo, nyanya yangu,

Huku Kimulot sisi ni wazima, isipokuwa mgongo wangu. Mtoto wa pili ana miezi minne na hataki kulala, na majani ya chai hayajui kama mtu amenyonyesha usiku kucha. Nakuandikia huku ananyonya, kwa hivyo usicheke mwandiko.

Tangu tukuzike, kijiji kimeshikwa na ugonjwa wa urithi. Kanisa lilipata mgeni, mama mmoja Mfaransa. Akasema kijiji chao ni kidogo kuliko chetu, lakini wana nyumba ya vitu vya mababu, na watu hutoka mbali kuja kuviangalia. Unamjua Mwalimu Rono tangu astaafu, hapendi kushindwa. Kesho yake alifagia banda la zamani la kupimia chai, akaunda kamati ya urithi, akaanza kupita nyumba kwa nyumba. Akachukua mikuki, ngozi, viti vya miguu mitatu. Kwangu akachukua kibuyu chako cha kugandishia maziwa ya mursik.

"Mama Chebet, hiki si chako tena. Ni cha vizazi."

Nilikuwa nimechoka, nikasema chukua. Nisamehe, Kogo. Ulinipa kwa mkono wako mwenyewe.

Maziwa nikagandisha kwa jagi la plastiki. Binti yangu Chebet alionja mara moja, akaniangalia vile wewe ulikuwa unamwangalia babu akirudi na visingizio.

Siku ya kufungua hiyo nyumba ya urithi ilipokaribia, Mwalimu akanirudishia kibuyu nikijaze, ili mgeni aone kitu kamili. Nikachoma kijiti cha mti wa senetwet, nikasugua ndani na makaa yake vile ulinifundisha, nikamimina maziwa, nikangoja siku zake. Nikakipeleka. Halafu Mwalimu akaweka wazee watatu walinde vitu.

Wazee watatu, Kogo! Na mursik iliyoiva!

Mgeni alipoingia, kibuyu kilikuwa kitupu na wazee wote wana midomo ya kijivu. Mwalimu akalia, "Mmekunywa urithi!"

Mzee Arap Too akapangusa ndevu. "Mwalimu, tuliona utaharibika."

Watu walicheka mpaka mtoto akaamka mgongoni. Mimi nikaenda mezani, nikachukua kibuyu.

"Weka chini, Mama Chebet. Ni cha kijiji."

Nikamwambia, "Kijiji kimeshakunywa sehemu yake. Kibuyu kikikaa kikavu kinapasuka, na wewe umelelewa na mursik, unajua. Mgeni akitaka kukiona, aje kwangu asubuhi akione kikifanya kazi."

Akamgeukia mgeni, akamtafsiria. 

Mgeni alikuja kweli, na Mwalimu nyuma yake kutafsiri. Nilimpa makaa asugue, akajipaka mpaka masikio, Chebet akamcheka bila adabu.  Halafu mgeni akasema nyanya yake alikuwa anatengeneza jibini. Vyombo vyake viko kwenye ile nyumba yao, nyuma ya kioo, vinang'aa. Lakini hakuna mtu pale kijijini anayekumbuka vile alikuwa anafanya. Mwalimu alitafsiri hayo polepole sana, kama mtu anayejisomea hukumu. Alipoondoka hakuuliza habari ya kibuyu.

Sasa mtoto ameachia titi, na ng'ombe ananiita. Pumzika, Kogo. Kibuyu hakitakauka mikononi mwangu. Na siku nitakayoshindwa kabisa, nitampa Chebet, sio kamati.

Mjukuu wako,
Chepkoech