Sindano ya Ndama

Jumatatu, 5 Machi 1956
Nachemsha sindano tangu asubuhi. Kuni mbichi, macho yananiwasha. Waraka umefika kutoka kwa Bwana Daktari, Iringa: sindano za buba zisitoke nje ya dispensari ya Rujewa. Wagonjwa waje wenyewe. Watakujaje, nyayo zimeliwa na vidonda na mto umefurika? Nimekasirika mno. Nimeubandika ukutani, basi.

Alhamisi, 8 Machi
Nimevuka. Mtumbwi unavuja, sanduku la dawa nimelipakata njia nzima. Kambi ya wafugaji. Semeni, mtoto wa miaka minane hivi, anatambaa kwa magoti. Baba yake kakataa katakata. Mwaka jana mabwana mifugo walichoma ng'ombe wake sindano, wakafa. Akataka nianze na ndama. Na dawa yenyewe haba! Nikavuta maji niliyochemsha kwa sindano, nikamchoma ndama. Ndama akaenda zake kula majani. Baba Semeni akanipa mtoto. Wengine wakafuata, mpaka dawa ikaisha.
Nimedanganya. Sijutii hata kidogo.

Jumatano, 14 Machi
Umbea una mbio. Bwana Daktari kasikia nimechoma ng'ombe dawa ya serikali. Anakuja wiki ijayo. Nisipojieleza, kazi sina. Nikisema yalikuwa maji, habari zitavuka mto, na kule hakuna atakayenipa mtoto wake tena. Sisemi ng'o. Anifukuze!

Jumanne, 20 Machi
Naogopa. Mama kule Nyololo hana mwingine ila mimi.
Sisemi.

Alhamisi, 22 Machi
Amekuja. Kauliza, nimenyamaza. Kauliza tena kwa ukali, nimemtazama tu. Mara mlangoni pakajaa watu wa ng'ambo, vidonda vyao vimekauka. Mbele yao Baba Semeni. Na Semeni mwenyewe, kasimama kwa miguu yake, matope hadi magotini! Bwana Daktari akageuka kumwuliza baba mtu habari za ng'ombe. Mzee akacheka.
"Ya ndama ilikuwa maji, bwana. Ya mtoto nyeupe kama maziwa. Sisi tuna macho. Nilitaka kuuona kwanza mkono wa huyu nesi."
Kumbe alijua! Muda wote ule alijua. Nimelia mbele ya Bwana Daktari, potelea mbali. Kaingia garini, hakunifukuza.

Ijumaa, 23 Machi
Mvua imekatika. Waraka uko palepale ukutani. Nimechemsha sindano, nimefunga sanduku. Baba Semeni ananisubiri mtoni. Mtumbwi kauziba mwenyewe.